Noti moja ya gita la bas (lile la sauti nene) inatikisa chumba kizima, nifanye nini?

Mpiga Bas wa Katuba: Jambo wandugu. Narekodi nyimbo za kwaya yetu chumbani kwangu, hapa Katuba, Lubumbashi. Gita linatoka vizuri, ila nikigusa waya wa noti ya "la" ukiwa wazi, bila kuubana kwa kidole, chumba kinanguruma, sahani zinalia kabatini, na kwenye rekodi noti hiyo inameza sauti za akina mama. Nimetundika matela (magodoro) mbili ukutani, wapi! Niuze gita?

Fundi Sauti: Gita halina kosa. Chumba kina urefu gani?

Mpiga Bas wa Katuba: Mita 3 na sentimita 10 hivi.

Fundi Sauti: Basi umejijibu. La ya waya huo ni mitetemo 55 kwa sekunde. Sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake lina mita 6 na kidogo, mara mbili ya chumba chako. Linakwenda ukutani na kurudi wakati uleule jingine linapoanza, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Matela yanameza sauti nyembamba tu. Weka maikrofoni katikati ya urefu wa chumba, mita 1.55 kutoka kila ukuta. Hapo mvumo huo ni dhaifu kabisa. Na spika iondoe kwenye kona.

Kijana wa Kamalondo: Ndiyo yaliyoangusha daraja la Tacoma kule Marekani, 1940!

Fundi Sauti: Hapana, mdogo wangu, ingawa wengi husema hivyo. Pale upepo haukuwa na mdundo. Daraja lenyewe likiyumba lilizidi kuvuta nguvu ya upepo. Taja daraja la Broughton, Uingereza, 1831: lilivunjika askari wakipita kwa kukanyaga pamoja.

Mama Likembe: Miye nauliza, mbona mnaukimbia mvumo huo? Likembe, kile kinanda cha vidole gumba, bila kisanduku chake sauti haifiki hata mlango wa pili. Fundi wa madimba, ile ngoma ya mbao zinazogongwa, huchagulia kila ubao kibuyu chake, kikubwa kwa sauti nene. Wewe mwanangu unalala ndani ya kibuyu cha mita tatu! Tunga wimbo ambao la inangojwa, ipigwe mara moja tu, pale mnapotaka watu wanyamaze.

Mpiga Bas wa Katuba: Asante mama, asante fundi. Jana nimeweka maikrofoni katikati, la imetulia. Leo nairudisha ukutani kwa ajili ya ule wimbo wa maziko. Sahani nimezihamishia kwa jirani.