Siku moja na kampavani pwani ya Poland, nataka mama aone makanisa ya kale, nipite wapi?

Mmachame_Berlin:
Wakuu habari zenu. Mama yangu amekuja Berlin kunitembelea kutoka Moshi, ni mwanakwaya wa KKKT tangu usichana wake, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nimekodi kampavani ndogo (gari la kulala ndani), Ijumaa tutalala jirani na Szczecin alafu Jumamosi nataka tuizunguke pwani ya Poland tuone miji ya zamani na makanisa. Nimepanga Kamień Pomorski, Trzęsacz, Kołobrzeg, Darłowo mpaka Gdańsk, je kwa siku moja inawezekana? Na kuna chochote cha kumgusa yeye kama Mlutheri, manake kila mtu ananiambia huko ni Wakatoliki watupu.

Dereva wa Szczecin:
Mkuu Gdańsk itoe kabisa, kutoka Szczecin ni zaidi ya kilomita 350 kwenda tu, utampandisha mama garini asubuhi umshushe usiku hajaona kitu. Darłowo nayo iache. Panda barabara kuu ya S3 kuelekea kaskazini, kata uende Kamień Pomorski, ukitoka hapo shika barabara namba 102 inayofuata pwani mpaka Kołobrzeg, vituo vinne vinatosha: Kamień, Trzęsacz, Trzebiatów na Kołobrzeg. Kamień kuna kanisa kuu lililoanza kujengwa 1176, la matofali mekundu, na kinanda chake cha mabomba kilitengenezwa kati ya 1669 na 1672. Msimu wa joto kuna matamasha ya kinanda hapo, uliza ratiba kabla hujaondoka, mwanakwaya asije akaondoka hajakisikia. Na taa za gari washa hata mchana wa jua kali, Poland ndio sheria mwaka mzima.

Tumaini wa Pomerania:
Shikamoo yangu umfikishie mama. Hilo la Ulutheri ndugu yangu usiambiwe hakuna, karibu makanisa hayo yote yalikuwa ya Kilutheri karne nne mpaka vita vilipoisha 1945, Wajerumani wakaondoka na Wapolandi wakaja na Ukatoliki wao. Usikimbize gari pale Trzebiatów, watu wengi wanaupita tu. Johannes Bugenhagen alikuwa mkuu wa shule mji huo kabla hajaenda Wittenberg, mji wa Martin Luther kule Ujerumani, na ndiye mchungaji aliyemfungisha ndoa Luther mwenyewe, na Desemba 1534 bunge la Pomerania, ndio nchi ya pwani hii wakati huo, lilikaa mji huohuo likaamua nchi nzima ifuate Matengenezo ya Kanisa, yaani Ulutheri. Mama akisimama pale amesimama nyumbani. Alafu karibu na uwanja wa soko mtafuteni tembo, amechorwa ukutani kwenye plasta, alipitishwa hapo 1639 akizungushwa Ulaya kuonyeshwa watu, jike kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo.

Ila moyo wa safari ni Trzęsacz. Lile kanisa lilijengwa karibu kilomita 2 kutoka baharini, bahari ikawa inakula ardhi kidogokidogo karne kwa karne, Agosti 1874 wakafanya ibada ya mwisho, 1901 ukaanguka upande wa kwanza, na leo umebaki ukuta mmoja wa kusini ukingoni mwa genge. Wavuvi wa huko wanasimulia kwamba wazee wao walimnasa binti wa mfalme wa bahari wakamzika kwenye kanisa hilo, basi baba mtu akawa anakuja na mawimbi kumfuata mwanawe.

NgalawaKavu:
Umenikumbusha Gereza la Kilwa Kisiwani, nalo bahari imelila upande mmoja. Nyongeza yangu ni samaki, vibandani bei inayoandikwa ni ya gramu 100, sio ya samaki mzima! Mimi niliagiza bila kuuliza, bili ilipokuja nilibaki nimeishika mkononi. Mwambie muuzaji apime mbele yako kwanza. Na chakula nunua Jumamosi hiyohiyo, Jumapili nyingi maduka makubwa hayafunguliwi.

Mmachame_Berlin:
Tumerudi wakuu, asanteni sana. Tulifanya vituo vinne kama mlivyosema. Kołobrzeg tulifika jioni, mama alishangaa safu ya nguzo zilizoinama ndani ya kanisa na kile kinara cha shaba cha matawi saba cha 1327, kirefu kuliko mtu mara mbili, ila magoti yalikuwa yameshachoka tukakaa tu benchi tukakiangalia. Trzęsacz ndio tulikaa zaidi ya saa nzima. Ukisimama upande wa nchi kavu madirisha ya ule ukuta bado yapo na ukichungulia unaona bahari tu, pale walipokuwa wanakaa waumini pameshakuwa hewa. Mama aliuliza kwaya yao ilikuwa inasimama upande gani, mimi sikujua. Akakaza kitenge chake mabegani kwa ule upepo, akaimba beti mbili kwa Kichaga akiangalia dirishani, watu waliokuwa wanapiga picha wakashusha simu wakamsubiri amalize.

Tumaini wa Pomerania:
Mwambie kwa makanisa yetu mengi ya zamani huku kwaya ilikaa roshani ya nyuma, juu, karibu na kinanda.