Uhai wa udongo kwenye maparachichi: kitambaa, chupa ya hewa au DNA?

Parachichi_Tukuyu: Wakuu, heshima kwenu. Nina ekari tatu za maparachichi aina ya Hass huku Rungwe, miti ina miaka saba. Nusu ya shamba nimetandaza majani ya migomba na samadi kwa misimu miwili, nusu nimeiacha wazi. Penye matandazo ukifukua kidogo tu unakuta vijizizi vyeupe vimepanda juu, vimeng'ang'ania majani yanayooza. Upande wa wazi miti minne imekufa kwa kuoza mizizi. Nataka kujua kama vijidudu vya udongo kweli vimeongezeka. Nipime kwa njia ipi?

Machungwa_Muheza: Mkuu, anza na kitambaa. Nilikata vipande sawa vya pamba tupu, nikavipima uzito, nikavifukia kina cha kiganja kwa miezi miwili. Kwenye mboji niliambulia nyuzi chache zilizoshikana na tope. Kwenye njia ya trekta kilitoka kizima, unakifua unakitumia. Gharama ni kama hakuna.

Embe_Makueni: Kwetu Makueni kitambaa kiliniangusha. Wiki ya tatu kilikuwa kimeisha, nikafurahi, kumbe ni mchwa! Sasa natumia vifuko vya chai, cha chai ya kijani na cha rooibos (chai nyekundu ya Afrika Kusini), vyenye wavu laini ambao wadudu wakubwa hawapenyi. Unavipima uzito, unavifukia sentimita 8, unavitoa baada ya miezi mitatu, unavikausha na kuvipima tena. Chai ya kijani huoza upesi, rooibos polepole, na hiyo tofauti ndiyo inayokuonyesha mwendo wa udongo wako.

Fundi_Maabara_Moro: Vyote hivyo hupima uozaji, ni sawa kabisa. Ukitaka kuona vijidudu wenyewe wakipumua, weka gramu 50 za udongo kwenye chupa inayofunga barabara, pamoja na kikombe kidogo cha maji ya kostiki soda. Soda hunasa hewa ukaa, kisha unaipima kwa asidi. Usisahau chupa moja isiyo na udongo, vinginevyo utahesabu na hewa ya chumbani. Na vaa glavu, soda hiyo inaunguza.

Kujua wingi wao, maabara hufukiza udongo kwa mvuke wa klorofomu saa 24. Vijidudu hufa, kaboni yao hutoka, tunailinganisha na ya udongo usiofukizwa. Hiyo usijaribu nyumbani. Kipimo cha DNA, yaani chembe za urithi za vijidudu, hukuambia nani yupo, ila husoma hata waliokufa, na kwa kawaida hutoa mgawanyo wa aina zao tu, hakitoi idadi. Kwa swali lako ni pesa nyingi kwa jibu la swali jingine. Kuhesabu makoloni, yaani vikundi vya bakteria waliooteshwa kwenye sahani ya maabara, ndiko nisikokushauri kabisa, maana bakteria wengi wa udongo hawaoti pale.

Jambo moja linaharibu vipimo vingi: unyevu. Mwaka 1958 mtafiti wa udongo H. F. Birch, akiwa Muguga, Kenya, alieleza jinsi udongo mkavu ukilowa unavyofoka hewa ukaa kwa siku chache. Ukipima upande mmoja kabla ya mvua ya kwanza na mwingine baada yake, umepima mvua.

Mama_Miche: Kaka, naomba kuuliza: huo upande wa wazi uko bondeni? Ugonjwa wa mizizi unapenda maji yaliyotuama. Usije ukausifu utandazaji kwa kazi ya mteremko.

Parachichi_Tukuyu: Dada, umenishika pabaya. Ndiyo, uko chini.

Fundi_Maabara_Moro: Basi gawa upya: tandaza baadhi ya miti ya bondeni, acha baadhi ya juu wazi. Sampuli chukua chini ya ukingo wa majani ya mti, sentimita 15 za juu, vichimbo kumi uvichanganye. Na ujue kupumua kwa udongo hakukuambii kama Phytophthora, kimelea anayeozesha mizizi, yumo. Huyo mtegee chambo: parachichi bichi lisilo na jeraha, nusu lizame kwenye udongo uliofunikwa na maji. Madoa ya kahawia yakitokea usawa wa maji baada ya siku chache, peleka tunda maabara likathibitishwe.

Parachichi_Tukuyu: Nimeelewa. Chambo naweka kesho kwenye ndoo nne, mbili za juu, mbili za bondeni. Vifuko vya chai nafukia miti kumi na miwili, sita yenye matandazo, sita wazi, juu na chini, siku moja. Nikivitoa nawaletea uzito wa kila kimoja hapa hapa.