Kisigino kinaonekana, hatua kumi zilizoibwa hazionekani?

Wadau, naomba tujadili mpira wa kurusha. Jumamosi nimetoka uwanjani na kinyongo.

Ilikuwa mechi ya vijana mtaani kwetu. Beki wetu wa kushoto karusha, kisigino cha nyuma kikanyanyuka kidogo, ncha ya kiatu ikabaki chini inachora vumbi. Filimbi! Wakapewa wapinzani. Dakika chache baadaye mpira ukatoka karibu na mstari wa kati. Winga wao akauchukua, akawa anatembea nao pembeni kana kwamba anatafuta wa kumpa. Nilihesabu hatua kumi. Akarusha, ikapigwa krosi, goli. Refa kimya, mshika kibendera kimya.

Sheria ya 15 ya soka, ile ya mpira wa kurusha, haina maneno mengi. Mrushaji autazame uwanja, sehemu ya kila mguu iwe kwenye mstari au chini nje ya mstari, atumie mikono miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa upite juu yake, na arushe pale ulipotokea. Kisigino hakimo humo. Ncha ya kiatu ikigusa ardhi, mguu huo uko chini, kwisha. Wala haijakatazwa mpira kuzunguka hewani. Kuna marefa wanapuliza kwa kuuona tu unazunguka, wanasema mkono mmoja ndio uliosukuma. Angalieni mikono, jamani, mpira uacheni uzunguke!

Mahali pa kurushia, sasa, pametajwa waziwazi, na adhabu yake ni ileile ya mguu ulionyanyuka: wanarusha wapinzani. Mbona hili ndilo linaloachwa?

Rafiki yangu mmoja anachezesha ligi ya wilaya. Yeye anasema akipuliza kila hatua mbili mechi haitachezeka, na watu wamekuja kuangalia mpira, hawakuja kusikiliza filimbi. Kwa beki anayerusha karibu na kona ya kwao nakubaliana naye kabisa, pale haibiwi mtu. Lakini kadiri unavyosogelea goli la mpinzani hesabu inabadilika. Mpira ukitoka moja kwa moja mikononi mwa mrushaji hakuna kuotea. Rory Delap alizisumbua timu kubwa za Uingereza msimu wa 2008/09 akiwa Stoke City kwa mirusho iliyofika hadi mbele ya goli. Liverpool mwaka 2018 wakamchukua Thomas Grønnemark awafundishe kurusha tu. Hatua kumi pale zinaweza kumleta mrushaji mpaka umbali ambao mkono wake unafika kwenye boksi.

Mimi naona refa aonyeshe mahali kwa mkono kabla mpira haujarushwa. Akishaonyesha, mtu akaendelea kusogea, wapewe wapinzani, hata kama ni dakika ya 90.

Waamuzi mliopo, nijibuni hili: mnaachia hatua ngapi, na mliambiwa na nani kwamba ni hizo?