Kipakiaji kipi kwa mgodi mdogo wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi: mikono ya kukusanya, SDL au skrepa?

Mpima_Tabaka

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wenye uzoefu na mitambo ya chini ya ardhi.

Kuna mgodi mdogo unaochimba kwa vyumba na nguzo, yaani nguzo za makaa zinaachwa kushikilia paa. Tabaka la makaa lina unene wa mita 2.6, njia zina upana wa mita 4.2, mteremko ni kama nyuzi 8. Kazi ni ya kutoboa na kulipua, na kila mlipuko unasogeza uso wa kazi (ukuta wa makaa unaochimbwa) mita 1.2 hivi. Sakafu ni udongo mgumu unaolainika ukilowa. Kwa sasa upakiaji ni wa koleo. Makaa yanaingia kwenye matoroli ya reli ya tani 1, kisha winchi inayavuta hadi njia kuu. Nyuso za kazi ni tatu.

Mwenye mgodi amependa mashine ya mikono ya kukusanya, ile inayokumba makaa kwa mikono miwili ya chuma, kwa sababu katalogi inasema inapakia tani 10 kwa dakika. Mimi nilikuwa nafikiria SDL, yaani kile kipakiaji chenye baketi moja kinachomwaga kwa ubavu, kama vile vya migodi ya India. Kuna aliyependekeza skrepa, baketi inayokokotwa kwa kamba za winchi. Nisaidieni kuchagua, na mnieleze ni nini huharibika kwenye kila moja.

---

Mhandisi_Nguzo

Ndugu, kabla ya kuangalia mashine angalia kinachopokea makaa nyuma yake. Hapo ndipo wengi wanapotupa fedha.

Tupige hesabu kwa vipimo vyako. 4.2 × 2.6 × 1.2 ni mita za ujazo 13.1. Kwa uzito wa tani 1.35 kwa kila mita ya ujazo kabla ya kuvunjwa, mlipuko mmoja unatoa karibu tani 17.7.

Mashine ya tani 10 kwa dakika inalijaza toroli lako kwa sekunde 6. Kulitoa toroli lililojaa na kuleta tupu, hata kama wasukumaji ni wepesi, ni sekunde 90. Kwa hiyo kila tani inachukua sekunde 96, na matoroli 18 yanachukua dakika 29. Ile tani 10 ya katalogi imeshuka hadi tani 0.6 kwa dakika. Mwenye mgodi atakuwa amelipia mashine inayosimama zaidi ya asilimia 90 ya muda.

Sasa SDL yenye baketi ya mita 1 ya ujazo. Makaa yaliyovunjwa yana kama tani 0.85 kwa mita ya ujazo, na baketi haijai kabisa, chukua asilimia 85. Unapata tani 0.72 kwa safari, yaani safari 25. Ukienda kwa mita 0.8 kwa sekunde, na mahali pa kumwaga pawe mita 20 kutoka usoni, kwenda na kurudi ni sekunde 50, kuchota na kumwaga ni 35. Jumla sekunde 85 kwa safari, dakika 35 kwa rundo lote. Lakini acha uso usogee mpaka mita 50 bila kusogeza mahali pa kumwaga: safari inafika sekunde 160 na rundo linakula dakika 67. Umbali ndio unaoiua SDL.

Ukitandika kisafirishi cha mnyororo chepesi cha tani 80 kwa saa kutoka usoni hadi njia kuu, mashine ya mikono inamaliza rundo kwa dakika 13, kwa sababu kisafirishi ndicho kinachoiwekea kikomo. Matoroli unayapanga kumi kumi pale njia kuu, chini ya mdomo wa kisafirishi, ambako kuna nafasi ya reli mbili.

Kwa hiyo ukibaki na matoroli usoni, usinunue mashine ya mikono. Ukiweka kisafirishi, mashine zote mbili zinafaa, na hapo sakafu ndiyo itakayoamua.

---

Fundi_Cheni

Naunga mkono hesabu ya Mhandisi, ila kwa sakafu hiyo mimi ningeenda SDL moja kwa moja, hata kisafirishi kikiwepo. Nieleze kwa nini.

Mashine ya mikono ina sahani pana inayoteleza chini ya rundo. Juu yake kuna mikono miwili inayozungushwa na diski, ikipishana nusu mzunguko: mmoja ukivuta makaa kuelekea katikati, mwingine unarudi kuchukua mengine. Ni wazo la Joseph Joy wa Marekani, aliyepata hati miliki mwaka 1919, na alichofanya ni kuiga mikono ya mtu anayekumba makaa kuelekea kwake. Makaa yanaangukia kwenye mnyororo wenye vipande vya chuma unaopita katikati ya mashine mpaka mkiani, na mkia unageuka kushoto na kulia. Ikiwa na sakafu sawa na makaa yaliyovunjika vizuri, hakuna kipakiaji kinachoishinda.

Sasa matatizo yake:

Sahani ya mbele ikikuta sakafu laini inachimba. Mashine inajaa udongo badala ya makaa, na pua inazama. Opereta akiinyanyua ili isichimbe, inaacha makaa ya unene wa sentimita kadhaa chini, cheni za kutembelea zinapanda juu yake, na mashine inainama.

Bonge kubwa kuliko upana wa mdomo wa mnyororo linakwama kati ya mikono. Klachi ya kuteleza ikiwa imekazwa kupita kiasi, na mafundi huikaza ili "isiwe na udhaifu", nguvu yote inaenda kwenye meno ya gia ya diski. Klachi lazima iteleze, ndiyo kazi yake. Iweke kwa kipimo cha kitabu cha mashine, na ukiona inateleza mara kwa mara, rekebisha ulipuaji kwanza.

Mnyororo ukikazwa sana unakula meno ya gurudumu lake na beringi za shafti ya mbele. Ukilegea unaruka meno. Unatakiwa ubaki na mlegeo kidogo upande wa chini, na ukaguliwe ukiwa tupu, kila shifti. Makaa laini yenye maji yanaganda chini ya mnyororo upande wa kurudi. Opereta akiona mota inanguruma, ageuze mnyororo nyuma kidogo kisha mbele, mara mbili au tatu. Ikishindikana, zima, fungia umeme kwa kufuli, kisha toa kwa nondo. Kamwe mkono wa mtu usiingie kwenye mnyororo ambao umeme wake haujafungwa.

SDL ina vitu vichache vinavyogusa makaa: baketi, silinda na pini. Baketi inaingia kwenye sakafu mbaya, na opereta mzuri anaitumia kusawazisha njia anapopita. Udhaifu wake uko kwenye haidroliki. Hozi zilizo kwenye kiungo cha baketi zinakunjwa kila safari, na zinapasuka pale zinapoingia kwenye mdomo wa chuma. Weka akiba ya hozi za pale mbili mbili, zenye urefu ule ule wa kiwandani. Ukiweka fupi itavutwa, ukiweka ndefu itasagwa na mkono wa baketi.

Adui mwingine ni vumbi la makaa kwenye oili. Linaingia wakati wa kujaza tangi kwa ndoo iliyoachwa wazi. Jaza kwa pampu ya mkono yenye chujio, futa shingo ya tangi kabla ya kufungua kifuniko. Pampu inayolia kama inasaga kokoto ina njaa ya oili: angalia chujio la upande wa kuvuta kabla ya kuihukumu pampu.

Pini za baketi zipate grisi kila shifti mpaka ile chafu itoke pembeni. Cheni zioshwe kwa maji mwisho wa shifti, maana udongo ukikaukia kwenye roli, roli inaacha kuzunguka na inasuguliwa upande mmoja.

---

Kamba_na_Puli

Skrepa isidharauliwe. Ni winchi yenye ngoma mbili za kukunjia kamba, kamba ya kuvuta, kamba ya kurudisha, puli iliyofungwa usoni na baketi isiyo na kitako. Zile za Kichina ndogo zina baketi ya mita 0.3 za ujazo, zilizo kubwa kidogo 0.6. Faida yake kubwa: opereta anakaa nyuma, chini ya paa lililofungwa, na mashine haihitaji kuingia usoni. Kwenye mteremko mkali, ambako mashine za cheni hazishiki, skrepa inaendelea.

Kwa nyuzi 8 hujafika huko. Na kwa nyuso tatu utahitaji skrepa tatu, kwa kuwa kuihamisha ni kazi ya nusu shifti. Kamba ikikatika inapiga kama mjeledi, kwa hiyo hakuna mtu kati ya winchi na puli, na opereta awe nyuma ya wavu wa chuma. Kabari ya puli ichimbiwe kwenye mwamba imara, ivutwe kwa majaribio kabla ya kazi. Ukihesabu nyuzi kadhaa zilizokatika mahali pamoja, badilisha kamba.

---

Mpima_Tabaka

Asanteni sana wakuu. Naona SDL na kisafirishi ndiyo njia. Maswali mawili: mteremko wa nyuzi 8 hauna shida kwa SDL? Na upande wa umeme na gesi, vitu gani vya lazima ambavyo muuzaji anaweza kunificha?

---

Mhandisi_Nguzo

Nyuzi 8 ni kama 1 kwa 7. Cheni zinamudu, mradi sakafu iwe kavu. Gari la LHD la matairi, lile linalochota, kubeba na kumwaga lenyewe, hapo tayari linahangaika, ndiyo maana sikulitaja.

Panga njia zako ili uso uelekee juu ya mteremko pale inapowezekana. Makaa yanakuja kuelekea baketi na maji yanatiririka kwenda nyuma. Ukielekea chini, maji yote ya kunyunyizia yanakusanyika usoni, na ile sakafu yako inayolainika inakuwa tope ndani ya siku chache. Njia za kwenda chini zote ziwe na pampu ndogo na kishimo cha maji pembeni, mbali na cheni.

Na usirefushe mlipuko kupita mita 1.2 kwa tamaa. Kwa urefu huo baketi inalifikia rundo lote huku kiti cha opereta kikiwa bado chini ya safu ya mwisho ya bolti za paa. Ukienda mita 2, atasogea chini ya paa tupu ili amalizie.

---

Taa_ya_Kofia

Kuhusu umeme na gesi, naomba usome hili taratibu.

Mashine lazima iwe imejengwa kwa migodi yenye gesi, kundi la I kwa viwango vya IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme), na iwe na kibati chenye namba ya cheti. SDL ya mgodi wa dhahabu iliyopakwa rangi upya haifai, hata ikiwa nusu bei. Masanduku ya umeme yanazuia mlipuko kwa sababu ya pengo jembamba kati ya kifuniko na sanduku: moto ukitokea ndani, gesi inayotoka inapoa inapopita pale. Kwa hiyo hakuna rangi kwenye uso wa kufungia, hakuna silikoni, hakuna gasketi ya kujitengenezea. Bolti moja ikikosekana, sanduku hilo si salama tena. Pima pengo kwa vipimo vya unene ukilinganisha na cheti. Nyuso za nje ambako vumbi la makaa linaweza kutulia zisizidi nyuzijoto 150.

Kebo ndiyo inayoharibika kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi inakanyagwa na mashine yenyewe. Itundikwe kwenye ndoano upande ambao baketi haimwagi. Kishikio cha kebo kwenye mashine kibebe mvuto wote, nyaya ndani ya plagi zisivutwe. Rilei ya uvujaji wa umeme kwenda ardhini ijaribiwe kwa kitufe chake mwanzo wa kila shifti, na isipokata umeme, mashine isiwashwe.

Methani inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, lakini usingoje huko. Marekani wanakata umeme wa mashine ikifika asilimia 1.0 na kuondoa watu kwa 1.5, India wanakata umeme kwa 1.25. Pima karibu na paa, kwa kuwa methani ni nyepesi na inapanda, na usisahau kona ambazo hewa haizifikii. Rudia angalau kila dakika 20 wakati mashine inafanya kazi usoni. Upakiaji wenyewe unatoa gesi: kila baketi inayofukua rundo inaachilia iliyokuwa imejificha.

Baada ya mlipuko, moshi uondoke kwanza, kisha mtu mwenye mamlaka ya baruti akague matundu na rundo. Baketi au mkono wa mashine ukikutana na baruti ambayo haikulipuka, hakuna wa kusimulia. Ndipo lowesha rundo. Maji kidogo tu yanatosha kushika vumbi, kwa sakafu yako usiyamwage.

Jambo la mwisho ni watu kubanwa kati ya mashine na ukuta. Njia ya mita 4.2 ukiondoa upana wa SDL haiachi nafasi ya mtu kupishana nayo inapogeuka. Mashine ikitembea, waliobaki wakae nyuma ya mahali pa kumwagia au kwenye njia ya pembeni, na anayetaka kupita amwangazie opereta taa, asubiri mpaka mashine izimwe.

---

Fundi_Cheni

Niongeze kwenye orodha ya ununuzi, Mpima. Uliza vipuri kabla ya bei. Makaa yetu mengi ya Tanzania, kama ya Ngaka, yanachimbwa juu kwa shimo la wazi, kwa hiyo duka la jirani lina spea za ekskaveta na halina za SDL. Agiza pamoja na mashine: seti mbili za sili za silinda zote, pampu moja kamili, machujio ya mwaka, kipande cha cheni chenye pini zake, roli nne, meno au ncha za baketi seti mbili, na plagi moja ya kebo yenye cheti. Kwa kisafirishi, agiza mita 10 za mnyororo na viungo ishirini vya kuunganishia, maana kisafirishi kikisimama, SDL nayo imesimama.