Lenzi ya 50mm f/1.8, ya 85mm f/1.8 au zumu niliyo nayo: ipi itamtenga bi harusi na viti vya plastiki?

NyangeWaEntebbe
Wakuu salaam. Kamera yangu ni ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu kamili), na nina lenzi mbili: 18-55 iliyokuja nayo na zumu ya 70-300 f/4-5.6. Riziki yangu ni sherehe, hasa kwanjula, ile ya Kiganda ya kumtambulisha bwana kwa wakwe. Jumapili napiga ndege kwenye bustani ya mimea hapa Entebbe. Shida iko kwenye sherehe. Bi harusi amependeza kwenye gomesi (lile vazi refu la Kiganda), lakini nguzo za hema, viti na jamaa anayetafuna nyama nyuma yake vinaonekana wazi sawa na yeye. Nataka vififie. Pesa ni ya lenzi moja tu.

Kalagala
50 f/1.8, usisumbuke. Nyepesi, bei yake inavumilika. Ukisimama mita 2 na kufungua tundu lote la lenzi (f/1.8; namba ndogo, tundu pana), sehemu inayotoka kali, mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 11. Uso mzima unaingia.

MzeeWaFilamu
Namba ya f peke yake haitoshi. Gawa urefu wa fokasi (zile milimita 50 au 85) kwa hiyo namba upate upana halisi wa tundu. 50 kwa 1.8 ni milimita 28. 85 kwa 1.8 ni 47. Hiyo 18-55 ikivutwa hadi mwisho kwa f/5.6 ni 10 tu, ndiyo maana viti havififii! Sasa zumu unayoidharau: 300 kwa 5.6 ni karibu 54. Mtu akijaza fremu kwa kiasi kilekile, na nyuma yake iko mbali sana, tundu pana ndilo linaloyeyusha zaidi. Usinunue kitu kabla hujaijaribu.

DadaWaMbale
Mzee shikamoo. Hesabu ni sahihi, ila umeifanyia uwanjani, yeye yuko ndani ya hema. Kupata nusu mwili kwenye fremu ya wima, 50 inamtaka asimame mita 2 hivi, 85 mita 3.5, na 300 zaidi ya mita 12. Katikati hapo watapita ssenga (shangazi wa bi harusi), watoto na vikapu vya zawadi. Halafu ukutani au kwenye viti vilivyo mita moja nyuma ya bi harusi, ile 300 inatoa ukungu (kule kufifia) usiofika nusu ya ule wa 85. Itaishinda 85 nyuma ikiwa mbali kama mita 60. Na f/5.6 inapitisha mwanga pungufu karibu mara 10 kuliko f/1.8, saa moja jioni utalia na ISO: ukiipandisha kufidia mwanga, picha inajaa chembechembe.

MzeeWaFilamu
Marahaba. Kwa hema nakubali. Lakini zumu ina faida ambayo ukungu hauipimi: inakata kipande chembamba cha mandhari. Hatua moja kushoto na ile nguzo imetoka kwenye fremu.

BodaNaKamera
Mbona hamtaji simu? Yangu ina ile modi ya potreti.

DadaWaMbale
Kwa WhatsApp inatosha. Ukungu ule unachorwa na programu inayokisia mtu anaishia wapi, na mabega ya gomesi yaliyochongoka huwa inayala. Mteja anayelipa ataona.

NyangeWaEntebbe
Basi kati ya 50 na 85, tofauti ni kubwa hivyo?

DadaWaMbale
Viti vikiwa mita moja nyuma yake, ndogo mno, huwezi kuilipia. Vikiwa mita 10, 85 inazidi kwa nusu. Kwa hiyo swali ni kama wenye sherehe watakuruhusu umsogeze bi harusi mbele, mbali na viti. Wakikataa, chukua 50, chenji nunulia betri. Wakikubali na kuna nafasi ya kurudi nyuma, 85 bila kufikiri. Mimi ningechukua 85, lakini sherehe zangu nyingi ni za nje.

MzeeWaFilamu
Zumu ibaki kwa korongo taji wako. Lala chini, nyuma yake iwe ziwa badala ya majani. Ukienda kinamasi cha Mabamba kumtafuta yule ndege domo-kiatu, usitegemee ukungu sana: mafunjo yanamgusa mgongo.

Kalagala
Na wakisimama wawili, achana na 1.8. Bwana harusi akiwa nyuma kidogo tu, uso wake unapotea na picha hiyo ndiyo watakayoitaka ukutani. Kwa 50 ukiwa mita 2, f/4 inakupa kama sentimita 25, fokasi kwenye jicho la aliye mbele.

NyangeWaEntebbe
Jumamosi nina kwanjula Mukono, ya nje. Kuna mwenye 85 ya kukodisha Kampala?