Mrejesho: Mafunzo yangu katika karakana ya chapa ya herufi za risasi

Niliwauliza kama mwanafunzi wa sanaa anaweza kunufaika akijifunza kazi katika karakana kongwe ya uchapaji karibu na River Road, hapa Nairobi. Nilikwenda, na ninawashukuru mlionihimiza.

Wiki mbili za kwanza nilirudisha tu herufi kwenye visanduku vyake. Herufi hizo, zilizosubuliwa kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, zote zina kimo kimoja cha takriban milimita 23.3 ili zipate wino sawasawa, hivyo hata karatasi nyembamba ikiwekwa chini ya herufi iliyochakaa hubadilisha alama ya wino. Kilichonigusa zaidi ni herufi a: seti zetu zilisubuliwa kwa hesabu ya Kiingereza, ambacho hutumia e zaidi, kwa hiyo nilipopanga shairi langu la Kiswahili, a ziliisha kabla ya ubeti wa pili, nami nikalazimika kuuchapa wa kwanza, kuufumua, kisha kuupanga uliofuata. Mzee, fundi wetu, aliniambia kuwa ndivyo alivyochapa vijitabu vya Kiswahili tangu ujana wake.

Posho haikuwepo, na nauli ilinilemea. Hata hivyo, nimeomba kurudi mwezi wa Agosti, nichonge a zangu mwenyewe kwa mbao.