Naomba ushauri: kantangaze wanamaliza nyanya zangu Lushoto

Habari zenu wakulima wenzangu. Nipo Lushoto, Tanga, nina robo tatu ya eka ya nyanya, ndiyo inayosomesha wanangu.

Kantangaze, wale nondo ambao viwavi wao hula nyanya, wameingia tena. Majani yana mabaka meupe, ukilipasua jani unakuta kifunza ndani. Sasa wameanza kutoboa matunda karibu na kikonyo, na tenga lenye matundu hakuna anayelitaka sokoni. Mdudu huyu asili yake Amerika ya Kusini, hapa nchini alionekana 2014.

Nimepuliza sumu ile ile mara nne. Mwanzoni walikufa, sasa hawashtuki, nadhani wameshaizoea. Muuzaji wa pembejeo alinishauri niongeze kipimo, nikakataa. Nyanya hizi wanangu wanazila.

Nimeanza kuchuma majani na matunda yaliyoathirika na kuyafukia shimoni, na nang'oa mnavu pembezoni kwa sababu mdudu huyu huishi humo pia. Nimeweka pia mitego ya feromoni, yaani harufu ya nondo jike inayovuta dume. Inanasa nondo dume tu, lakini asubuhi naikuta imejaa.

Kinachoniumiza ni shamba la jirani. Alishavuna, mabua yamesimama hadi leo, na nondo wanatokea huko. Nimwambieje bila kugombana? Ni mzee wangu, namheshimu sana.

Na waliotumia mwarobaini, mnauchanganya vipi na mnapuliza saa ngapi? Msimu ujao nikipanda kabichi badala ya nyanya, watapungua kweli kama majirani wote wanaendelea na nyanya?